Pengo la Fani na Pengo la Mashine: Nakala Yenye Kasoro katika Usomaji wa Riwaya ya Katuni ya Watchmen

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya kasoro ya uchapaji katika usomaji wa riwaya ya katuni, kwa kutumia Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons (1986–1987) kama mfano. Hoja kuu ni kwamba katika utanzu huu ukurasa ni kipashio cha maana, wala si chombo cha kubebea matini tu. Kwa hiyo, fungu la kurasa lililorudiwa au kukosekana huiathiri kazi kwa namna ambayo riwaya ya maneno haiathiriki. Makala yanapendekeza kigezo cha kutenganisha pengo lililokusudiwa na msanii na pengo lililoletwa na mashine, kisha yanaonesha mahali kigezo hicho kinapokwama. Mwishoni, suala hili linahusishwa na uhakiki wa hati za ushairi wa Kiswahili na uhifadhi wa katuni za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Msomaji anayeugundua mfululizo wa katuni na kuupenda huwa na imani kubwa kwa kitabu alichokishika. Bado hajui mazoea ya mwandishi, hajui hadithi inaelekea wapi, na hana nakala ya pili ya kulinganishia. Kila anachokikuta ukurasani hukipokea kama sehemu ya kazi. Ikiwa nakala yake ina kasoro, kasoro hiyo nayo huipokea, na pengine huipenda.

Hali hii haijapewa uzito katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa sababu mbili. Kwanza, katuni imechukuliwa kwa muda mrefu kuwa burudani ya magazetini isiyohitaji uhakiki wa matini. Pili, kosa la mchapaji limehesabiwa kuwa jambo la kiwandani lisilomhusu mhakiki. Makala haya yanashikilia kwamba sababu zote mbili ni dhaifu, na kwamba nakala yenye kasoro humfunulia mhakiki sifa za utanzu ambazo nakala safi huzificha kwa usafi wake.

Watchmen imeteuliwa kwa kuwa muundo wake unafahamika vizuri. Hadithi iliandikwa na Moore, ikachorwa na Gibbons na kutiwa rangi na John Higgins. Ilitoka nchini Marekani kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987, kisha ikakusanywa kuwa kitabu kimoja. Kurasa zake nyingi zimejengwa juu ya gridi ya visanduku tisa, safu tatu zenye visanduku vitatu kila moja. Utaratibu huo mkali ndio unaolifanya kosa lolote la mpangilio liwe na athari kubwa.

2.0 Ukurasa kama kipashio cha maana

Kitabu hakichapishwi ukurasa mmoja mmoja. Kurasa nyingi, kwa kawaida 16 au 32, huchapwa kwenye karatasi moja kubwa, ambayo hukunjwa na kukatwa ikawa fungu. Mafungu hupangwa kwa zamu na kuunganishwa mgongoni. Kasoro kubwa za ujalidi huzaliwa katika hatua hii: fungu moja huingia mara mbili, jingine husahauliwa, au hugeuzwa juu chini. Katika uchapaji wa rangi kuna hatari nyingine. Picha huundwa kwa rangi nne zinazopigwa moja juu ya nyingine, na rangi moja ikikaa kando kidogo, mistari hupata kivuli na nyuso hutoka katika mipaka yake.

Riwaya ya maneno ikipatwa na kasoro ya fungu, hasara yake hupimwa kwa maneno yaliyopotea. Aya ikihamia ukurasa mwingine kwa sababu ya ukubwa wa herufi, maana yake haibadiliki. Katuni haina uhuru huo. McCloud (1993) ameonesha kwamba maana ya katuni huzaliwa katika mwanya ulio kati ya kisanduku na kisanduku, pale msomaji anapokamilisha tendo ambalo halikuchorwa. Groensteen (1999) amekwenda mbele zaidi: visanduku huhusiana na jirani zao, na pia na visanduku vya mbali, kwa kufumwa pamoja katika kitabu kizima. Taswira ya ukurasa wa kwanza inaweza kujibiwa na taswira ya ukurasa wa mwisho. Katika Watchmen, beji ya uso unaotabasamu iliyotiwa doa la damu inafungua kazi, na uso wa namna hiyo wenye doa jingine unaifunga.

Ikiwa maana imefumwa hivyo, kuhamisha fungu la kurasa ni sawa na kuchomoa nyuzi kadhaa katika mkeka. Mkeka hautabaki vilevile ukiwa na tundu tu, kwa kuwa ruwaza nzima huvurugika.

3.0 Sura ya 4: Vurugu iliyopangwa

Ichukuliwe kwamba msomaji mgeni wa Watchmen amepata nakala ambayo fungu moja limerudiwa ndani ya sura ya 4. Je, atatambua?

Sura hiyo inamhusu Jon Osterman, mwanafizikia aliyeangamizwa katika ajali ya maabara mwaka 1959 na kurudi akiwa kiumbe mwenye uwezo usio wa kibinadamu. Kwake yeye wakati hautiririki, kwa kuwa yaliyopita, yaliyopo na yajayo yote yapo pamoja. Hadithi inaanzia kwenye sayari ya Mirihi, akiwa ameshika picha ya zamani, kisha inarukaruka: 1985, 1959, 1945, tena 1985. Picha ile ile iliyoanguka mchangani huonekana tena na tena. Mwaka 1945 baba yake, fundi saa, anatupa vipuri vya saa nje baada ya habari za bomu la Hiroshima, na vipuri hivyo vinaendelea kuanguka katika fikra za sura nzima.

Hapa marudio ndiyo kanuni. Msomaji akikutana na kurasa alizokwisha kuziona, ana kila sababu ya kuamini kwamba Moore na Gibbons wamezirudisha makusudi. Atasema kuwa mhusika anauishi upya wakati ule ule, na hivyo msomaji naye anaishi upya kurasa zile zile. Tafsiri hiyo ni nzuri na inaafikiana na maudhui, lakini si ya kweli. Mwandishi wake ni mtambo wa ujalidi.

Uangalifu wa msomaji ndio uliompotosha. Msomaji mvivu angerudisha kitabu dukani; msomaji makini, aliyejifunza kuheshimu kila alama iliyo ukurasani, ndiye anayeitetea kasoro. Jambo hilo linapaswa kuwasumbua wahakiki, kwa sababu uangalifu huo ndio wanaowafundisha wanafunzi wao.

4.0 Sura ya 5: Mizani inayovunjika

Sura inayofuata imejengwa kwa kanuni iliyo kinyume. Ina kurasa 28 za katuni, na mpangilio wa kurasa hizo unaakisiana kama sura ya mtu na kioo chake. Ukurasa wa 1 unalingana na wa 28, wa 2 na wa 27, hadi kufikia kurasa za 14 na 15, ambazo hutazamana katikati na kuonesha pambano la Adrian Veidt na mtu aliyetumwa kumuua. Namba za kurasa mbili zinazoakisiana zikijumlishwa, jibu ni 29 daima.

Katika sura hii jani moja tu likikosekana, yaani kurasa mbili, jozi nyingi hupoteza ulinganifu wao. Ikiwa jani hilo limetoka karibu na mwanzo, kitovu nacho kinahama: kurasa za 14 na 15 bado zinatazamana, lakini hazipo tena katikati ya sura. Hakuna sentensi iliyobadilika katika kurasa zilizobaki. Wahusika wanasema yale yale na tukio la kati linaeleweka. Hata hivyo hoja ya sura, ambayo haisemwi na mhusika yeyote na inabebwa na umbo peke yake, imetoweka.

Rangi nazo zinatoa ushahidi wa aina hiyo. Mwanzoni mwa sura hii taa ya tangazo iliyo nje ya dirisha inawaka na kuzimika, na kwa hiyo rangi za visanduku hubadilika kwa kupokezana ilhali chumba ni kile kile. Msomaji asiyejua anaweza kudhani kwamba mashine iliishiwa wino. Hili ni kosa la upande wa pili: katika sura ya 4 kasoro ilichukuliwa kuwa fani, na hapa fani inachukuliwa kuwa kasoro. Sura mbili zinazofuatana zinamtega msomaji kwa njia mbili zinazopingana.

5.0 Kigezo na mipaka yake

Nadharia ya mwitiko wa msomaji, hasa kwa Iser (1976), inaeleza kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza, na kwamba ujazaji huo ndio usomaji wenyewe. Nadharia hiyo huchukulia kwamba pengo limetoka kwa mtunzi. Nakala yenye kasoro inalazimisha swali lililotangulia: pengo ni la nani?

Makala haya yanapendekeza jibu hili. Pengo la fani hulipwa; pengo la mashine halilipwi. Pengo likiwa la msanii, mahali pengine katika kazi patakuwa na kitu kinacholijibu. Marudio ya picha ya Osterman yanalipwa, kwa kuwa kila inaporudi huwa katika muktadha mpya unaoongeza maarifa ya msomaji. Fungu lililorudiwa na mtambo haliongezi chochote: kurasa ni zile zile, kwa zamu ile ile, na mkato wake haujali mwisho wa tukio wala wa sentensi. Mashine hukata kwa hesabu ya karatasi, na msanii hukata kwa hesabu ya maana.

Kigezo hiki kina mpaka ambao hauna budi kukubaliwa. Ili kujua kama pengo limelipwa, msomaji anahitaji kazi nzima, na nzima hiyo ndiyo anayoikosa mwenye nakala yenye kasoro. Aidha, waandishi wamekwisha kuiteka kasoro na kuifanya fani. Riwaya ya Italo Calvino ya mwaka 1979 kuhusu msafiri katika usiku wa baridi imejengwa juu ya msomaji aliyeuziwa kitabu chenye mafungu yaliyorudiwa. Huko pengo la mashine limelipwa, na kwa hiyo si la mashine tena.

Tena, kasoro nyingine ni mkataba usiofahamika tu. Katuni za Kijapani hufunguliwa kutoka upande wa kulia, na msomaji aliyezoea vitabu vya Kizungu huweza kudhani kwamba jalada limebandikwa kinyume. Msomaji wa Lamu au Mombasa aliyelelewa na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu asingeshangaa hata kidogo. Hivyo, kabla ya kulitaja kosa, mhakiki anapaswa kuujua mkataba.

Itajibiwa kwamba mjadala huu hauna haja, kwa kuwa dawa ni kupata nakala nyingine. Jibu hilo ni la mtu mwenye duka la vitabu jirani. Katika maktaba yenye nakala moja, nakala hiyo ndiyo kazi. Wanafunzi watakaoisoma wataijadili, wataiandikia insha na kuipenda kama ilivyo. Wala nakala ya pili haimalizi swali: Higgins aliitia Watchmen rangi upya kwa ajili ya toleo kubwa la 2005, na hivyo nakala mbili zisizo na kasoro yoyote hazifanani.

6.0 Funzo kwa uhakiki wa Kiswahili

Uhakiki wa Kiswahili haulianzi suala hili mikono mitupu. Ushairi wa pwani ulitufikia kwa mikono ya wanakili. Hati za Al-Inkishafi zinatofautiana katika idadi na mpangilio wa beti, na kila mhariri amelazimika kuamua ubeti upi umesogea na upi haukuwapo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye kwa mkono wake tenzi nyingi ziliwafikia watafiti, alikuwa pia mshairi na msanii wa hati. Mnakili wa namna hiyo anaweza kubadilisha kwa kukusudia kama anavyoweza kukosea. Swali la kama ubeti umehama kwa fani au kwa bahati mbaya ni swali lile lile lililoulizwa hapo juu kuhusu fungu la kurasa.

Tofauti ni kwamba ubeti una kinga. Vina na mizani humwonya mhakiki pale mshororo unapopungua. Gridi ya visanduku tisa na ulinganifu wa sura ya 5 vinafanya kazi ya vina na mizani katika katuni. Mhakiki aliyezoea kuhesabu mizani ana zana tayari ya kusomea kurasa zilizochorwa, na ajabu ni kwamba zana hiyo haijatumika.

Katuni za Kiswahili zenyewe zinaidai kazi hiyo. Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, pamoja na Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa gazeti la Sani, walisomwa na vizazi vya wasomaji. Kazi hizo zilichapwa kwenye karatasi isiyodumu. Atakayezikusanya atakuta majani yaliyochanika, matoleo yanayokosekana na picha zilizofifia, na atalazimika kuamua kipi ni cha mchoraji na kipi ni cha wakati. Bila kigezo, atasahihisha fani na kuhifadhi kasoro.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba nakala yenye kasoro si takataka ya kiwanda, wala si maana mpya ya kushangiliwa. Ni jaribio ambalo hakuna aliyelipanga: linaondoa kipande kimoja cha kazi na kumwezesha mhakiki kuona ni nini kilichokuwa kikishikiliwa na kipande hicho. Katika Watchmen, kilichoshikiliwa na zamu ya kurasa ni hoja yenyewe kuhusu wakati na ulinganifu.

Msomaji aliyeipenda nakala yake mbovu hakupenda uongo mtupu. Kurasa nyingi alizozisoma zilikuwa za kweli. Anachodaiwa na mwalimu wake ni kuoneshwa nakala ya pili na kufundishwa kuhesabu kurasa. Kukemewa hakutamsaidia. Akiisha kuhesabu, ataona mwenyewe ni wapi Moore na Gibbons waliponyamaza, na ni wapi walipokatizwa.