Kukabidhi na Kusalimisha: Uhakiki wa Vitenzi Viwili katika Historia ya Mwambao

Vitenzi *kukabidhi* na *kusalimisha* huchukuliwa kuwa visawe, ilhali mipaka yake iko wazi katika matumizi. Askari anayerudisha bunduki ghalani mwisho wa zamu huikabidhi. Mwasi anayeitoa kwa serikali huisalimisha. Kitendo cha mkono ni kilekile. Kinachotofautiana ni haki inayobaki, au isiyobaki, kwa mtoaji.

Mzizi wa *kabidhi* ni wa Kiarabu, wenye maana ya kushika. Ushikaji huo haujapotea: bahili huitwa kabidhi, na hati ya kuthibitisha mapokezi ni stakabadhi. Nchini Tanzania, Kabidhi Wasii Mkuu husimamia mali asiyoimiliki. Inaweza kupingwa kwamba aliyekabidhiwa zawadi haitarajiwi airudishe. Hoja hiyo haitoshi, kwa kuwa umiliki hapo unahamishwa na nomino *zawadi*. Kitenzi kinaeleza tu kwamba kitu kimefika mkononi.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika historia ya Mwambao wa Kenya, ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Kwa mkataba wa 1895, Sultani wa Zanzibar aliwapa Waingereza utawala wa ukanda huo kwa malipo ya kila mwaka, huku enzi ikibaki kwake. Huko ndiko kukabidhi. Makubaliano ya Oktoba 1963 mjini London yalikuwa ya namna nyingine: Kenya ilipopata uhuru, ukanda ulikoma kuwa sehemu ya milki ya Sultani. Mwandishi anayesema kwamba Mwambao “ulikabidhiwa” katika nyakati zote mbili anafuta tofauti ambayo mabishano ya kisheria yameisimamia, na bila kukusudia anampa msomaji dhana kwamba mwenye mali angali yupo mahali fulani.

*Kusalimisha* kunafaa zaidi kwa 1963, ingawa si bila dosari. Ujirani wake na *kusalimu amri* unaleta harufu ya kushindwa vitani, na hapakuwa na vita. Tena, barua zilizobadilishwa kati ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte mwezi huohuo ziliweka masharti, yakiwemo ya kulinda mahakama za Kadhi na hatimiliki za ardhi. Anayesalimu amri kwa kawaida hana nafasi ya kuweka masharti. Kwa sababu hiyo *kuachia enzi*, kirai kisicho na fahari yoyote, kinaueleza mkataba huo kwa usahihi kuliko vitenzi vyote viwili.