Picha za Mitaani na Suala la Tabaka: Mji wa New York Baada ya UVIKO-19

Sanaa ya picha, kama sanaa nyingine zote, haizaliwi hewani. Huzaliwa katika jamii yenye matabaka, na hubeba alama ya wale wanaoimiliki, wanaoilipia na wanaoitazama. Tunalisema hili mwanzoni kwa sababu wanafunzi wengi wa siasa hukubali mara moja kwamba riwaya au filamu yaweza kuwa na itikadi, lakini wakionyeshwa picha iliyopigwa barabarani husema: hii ni hali halisi, mashine haina upande. Dhana hiyo ni ya hatari kuliko kasumba iliyo wazi, kwa maana kasumba iliyo wazi hutambulika na kujibiwa.

Tumechagua kuchambua picha za mji wa New York kwa sababu mbili. Kwanza, huo ndio mji mkuu wa mtaji wa fedha duniani, na mwaka 2020 ulipigwa vibaya na ugonjwa wa UVIKO-19. Pili, hakuna mji wa Marekani wenye historia ndefu zaidi ya upigaji picha wa mitaani. Picha zake za miaka ile zilifika hata kwenye simu za vijana wetu, wakazitazama na kuzirushiana bila kujiuliza zimechagua nini na zimeacha nini.

Amri ya kufunga shughuli zote zisizo za lazima katika Jimbo la New York ilianza kutumika jioni ya tarehe 22 Machi, 2020. Siku hizohizo gazeti la New York Times lilichapisha mfululizo wa picha za miji ya dunia chini ya jina lenye maana ya "Utupu Mkubwa". Viwanja havina mtu, njia kuu zimenyooka mpaka mwisho wa macho, taa za matangazo zinawaka na hakuna anayezisoma. Hatusemi picha hizo zilikuwa za uongo, wala hazikukosa uzuri. Zilipigwa na mafundi wa kazi, na yawezekana ziliwasaidia wengi kuelewa kwamba hatari ni kubwa na inafaa kukaa ndani. Lakini neno "utupu" ndilo hatuna budi kulipinga. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa mji ule alitoa taarifa mwezi huohuo wa Machi, ikionyesha kwamba wafanyakazi waliotakiwa kuendelea na kazi, katika hospitali, maduka ya chakula, usafiri, usafi na utunzaji wa wazee na watoto, walikuwa watu wapatao milioni moja, na asilimia 75 kati yao hawakuwa Wazungu. Watu milioni moja walikuwa wakienda kazini kila siku, na mji ukaitwa mtupu!

Historia yenyewe ya picha inatupa mfano unaofaa sana hapa. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre alipiga kutoka dirishani picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi tele, lakini katika bamba lake inaonekana tupu. Sababu ni kwamba bamba lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, na kila kilichokuwa kikitembea hakikuacha alama. Alibaki mtu mmoja aliyesimama pembeni na mguu wake umeinuliwa, anapigwa viatu rangi. Huyo anahesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha. Anayempiga viatu rangi naye yumo, ila ni ukungu tu, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikifanya kazi. Mhudumiwa anaonekana na mhudumu amefifia.

Kasoro ya Daguerre ilikuwa ya ufundi, na wahandisi waliirekebisha katika miaka michache. Kasoro ya mwaka 2020 ilikuwa ya mahali pa kusimama. Mpiga picha aliyekwenda Times Square saa sita mchana aliukuta utupu kweli, kwa kuwa pale ni mahali pa watalii na wanunuzi. Angekwenda alfajiri kwenye mitaa ya Corona, Elmhurst na Jackson Heights, huko Queens, ambako ugonjwa uliua watu wengi, angeikuta foleni ya watu wanaosubiri treni kwenda kazini na foleni nyingine mbele ya hospitali. Wapo waliokwenda, na picha zao zipo. Hata hivyo picha iliyofanywa kuwa nembo ya mwaka ule ni ile ya utupu. Wafanyakazi wa reli na mabasi wengi walionekana kwa sura zao mwezi Januari 2021 tu, pale shirika lao la usafiri lilipoonyesha kwenye skrini za vituo 107 vya treni picha za wenzao zaidi ya 100 waliokwisha kufa.

Kuna mahali pengine ambapo picha hazikutakiwa hata kidogo. Katika kisiwa cha Hart, ambako mji ule umezika watu zaidi ya milioni moja tangu karne ya 19, wengi wao maskini na wasio na ndugu wa kuwazika, maiti ziliongezeka mno mwezi Aprili 2020. Mpiga picha mmoja mashuhuri alipojaribu kupiga mazishi hayo kwa kamera ya kurushwa angani, polisi waliikamata kamera yake. Barabara ya matangazo ni ya umma na kila mtu ana uhuru wa kuipiga, lakini kaburi la kabwela linalindwa na dola.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Katika mji huohuo, mwaka 1890, Jacob Riis alitoa kitabu chake juu ya vyumba vya maskini. Picha zake zilisaidia kuleta sheria za nyumba, ingawa yeye aliingia usiku na kuwamulika watu ghafla, na maelezo yake yamejaa dharau kwa makabila ya wahamiaji. Kuanzia mwaka 1908 Lewis Hine alipiga picha za watoto wanaofanya kazi viwandani na mitaani, naye aliandika umri wa mtoto, saa zake za kazi na ujira wake. Hapo picha ilikuwa ushahidi. Kisha mwaka 1936 kikaanzishwa chama cha wapiga picha kilichoitwa Photo League, kilichofundisha watoto wa wafanyakazi kupiga picha za mitaa yao wenyewe. Mwezi Desemba 1947 Mwanasheria Mkuu wa Marekani alikiingiza katika orodha ya vyama visivyo vitiifu, wanachama wakaogopa kupoteza kazi, na mwaka 1951 kikafa.

Baada ya hapo ilitawala picha ya mwindaji wa peke yake, anayevizia uso, anaunasa na kuondoka. Garry Winogrand, fundi hodari kuliko wengi, alipofariki mwaka 1984 aliacha filamu zipatazo 2,500 ambazo hazijasafishwa. Alikuwa amevuna nyuso nyingi kuliko alivyoweza kuzitazama. Philip-Lorca diCorcia, kati ya mwaka 1999 na 2001, alitega taa Times Square na kuwapiga wapita njia bila wao kujua, na nakala zikauzwa kwa maelfu ya dola. Mmoja wao alipokwenda mahakamani, hakimu alitamka mwaka 2006 kwamba hiyo ni sanaa, na sanaa haihitaji ruhusa ya mwenye uso. Tunakubali kwamba sheria inayomlazimisha mpiga picha kuomba ruhusa kwa kila mtu ingewafaa zaidi wakubwa kuliko wanyonge. Lakini swali la nani alifaidika na uso ule halikujibiwa.

Wapiga picha wa namna hiyo ndio waliojikuta, mwaka 2020 na 2021, mbele ya nyuso zilizofunikwa kwa barakoa. Kwa maoni yetu barakoa iliisaidia sanaa hii. Uso ulipofichwa, jicho lililazimika kushuka kwenye mikono, mizigo, viatu na namna mtu anavyosimama baada ya zamu ya saa kumi na mbili. Aliyejua kutazama aliona kazi.

Sasa tuje kwenye kupona kwa mji. Tarehe 15 Juni, 2021, vikwazo vingi viliondolewa jimboni, na fataki zikarushwa. Tarehe 7 Julai mji ulifanya maandamano ya kuwashukuru wafanyakazi, yaliyoongozwa na Sandra Lindsay, muuguzi wa Queens aliyezaliwa Jamaica na aliyekuwa wa kwanza kuchanjwa New York. Picha za siku ile zinapendeza: vipande vya karatasi vinaanguka kama mvua, watu wanacheka. Ambacho hakimo katika picha ni vyama vya wahudumu wa magari ya wagonjwa, ambavyo vilisusia maandamano kwa sababu ya mgogoro wa mishahara. Kususia hakupigiki picha kwa urahisi. Na wapiga picha wetu wasicheke: anayesubiri utepe ukatwe kisha akafunga begi lake yumo katika njia hiyohiyo.

Tatizo ni la nadharia. Kupona ni mwenendo, wala si tukio. Picha moja, hata ikiwa bora namna gani, hukata mwenendo huo mahali pamoja na kuufanya uonekane umekamilika. Ndiyo maana kazi ya Camilo José Vergara, aliyezaliwa Chile na kuhamia Marekani, inastahili kusomwa darasani. Tangu miaka ya 1970 amekuwa akirudi mahali palepale katika mitaa ya maskini na kupiga tena nyumba ileile, kona ileile. Mwaka 2020 alisimama kwenye njia panda za mitaa ya namna hiyo, New York na miji ya jirani, akapiga watu wakinunua, wakiuza, wakisubiri basi, na jumba la makumbusho la National Building Museum likazionyesha picha hizo. Hakuna kishujaa ndani yake. Ukiziweka kwa mfuatano unaona duka lililofungwa, meza ya barakoa mbele yake, kisha biashara nyingine. Vergara naye ana udhaifu wake: mwaka 1995 alipendekeza majengo matupu ya katikati ya Detroit yahifadhiwe kama magofu, na wenyeji walikasirika kwa haki, kwa sababu magofu hayo yalikuwa ajira zao. Njia yake ya kazi ni sahihi kuliko baadhi ya mawazo yake.

Tumalizie na watu waliopigwa picha nyingi kuliko wote: wapelekaji chakula kwa baiskeli za umeme, wengi wao wahamiaji kutoka Meksiko na Guatemala. Usiku wa tarehe 1 Septemba, 2021, mafuriko ya kimbunga Ida yalipoingia mjini, kanda fupi ya mmoja wao akisukuma baiskeli ndani ya maji na mfuko wa chakula mkononi ilienea dunia nzima. Watazamaji walimsifu kwa ushupavu. Wenzake waliona kitu kingine, yaani masharti ya kazi. Walikuwa wamekwisha kujiunga tangu mwaka 2020 katika umoja wao, Los Deliveristas Unidos, na mwezi huohuo wa Septemba baraza la mji likapitisha sheria walizozidai, mojawapo ikiwapa haki ya kutumia vyoo vya mikahawa wanayoibebea chakula. Mwezi Desemba 2023 kikaanza kulipwa kiwango cha chini cha dola 17.96 kwa saa.

Nao walikuwa na kamera. Walipoporwa baiskeli usiku kwenye daraja la Willis Avenue, walipiga kwa simu zao picha za mahali, za majeraha na za baiskeli zilizoibwa, wakazisambaza kwa Kihispania, kisha wakapanga zamu za kusindikizana kuvuka. Picha hizo zina giza, zimetikisika, na hakuna jumba litakalozinunua. Lakini kila moja ina saa, mahali na jambo lililotokea, kama zilivyokuwa za Hine.