Choo Kilichogeuka Jukwaa

Usiku, matatu za njia namba 46 zikishapungua barabarani, sebule nyingi za Kawangware hubaki na runinga inayoonyesha hadithi ya polisi na majambazi. Bastola italia, gari litakimbizwa, mpelelezi atagonga meza na kudai ukweli. Hayo tumeyazoea. Kinachotuzuia kuzima ni pale mhusika anapofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na papo hapo sote tukakubali kwamba mtu kama yeye hangefanya vingine.

Nairobi imewahi kutoa tukio la namna hiyo, katika filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anakuja mjini kutafuta kazi ya uigizaji. Anaporwa alichobeba, kisha anakamatwa na kutiwa seli. Humo anaamriwa kusafisha choo, na choo chenyewe kinamfanya mtazamaji akunje pua akiwa kwake. Tunangoja machozi au ngumi. Mwas anaanza kuigiza. Uchafu ule unakuwa jukwaa, mahabusu wanakuwa watazamaji.

Si kichekesho kilichobandikwa tu. Waandishi wake, Charles Matathia, Serah Mwihaki, Samuel Munene na Billy Kahora, walipanda mbegu mapema: kijijini, Mwas aliuza DVD za filamu kwa kuigiza vipande vyake mbele ya wateja. Kuigiza ndiko kulikomlisha. Mji ulipomnyang'anya vingine vyote, hicho kilimbakia. Tena tukio lina kazi yake katika hadithi, kwani seli hiyo ndiyo inayomkutanisha na Oti, na kwa mkono wa Oti anaingia kwenye genge. Tunacheka mlangoni mwa maafa bila kujua.

Tamthilia ya runinga ya Marekani, The Wire, ina tukio la ukoo huohuo katika msimu wake wa kwanza wa 2002. Wallace, kijana anayeuza dawa za kulevya Baltimore, anamsaidia mtoto hesabu za shule. Swali la abiria wa basi linamshinda mtoto. Wallace analigeuza kuwa la kuhesabu mzigo wa dawa, na jibu linatoka bila kusita, kwa kuwa mtaani anayekosea hesabu hiyo hupigwa. David Simon, mtunzi wa tamthilia hiyo, alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi, kisha mwalimu. Mtu aliyekaa kituo cha polisi na darasani ndiye anayeweza kuona kwamba mtoto yule si mjinga.

Nasi tunamjua mtoto huyo. Ukinunua njugu stejini Kangemi, muuzaji asiyefika mabegani mwako atakurudishia chenji kabla hujamaliza kuhesabu kichwani. Malighafi ya hadithi kama hizo ipo, na wapo wa kuifinyanga. Inspekta Mwala wa runinga ya Citizen alituonyesha kwamba ndani ya sare ya polisi kuna binadamu wa kuchekesha. Mwaka 2021, Crime and Justice ya Showmax ikawaleta Makena na Silas, wapelelezi wa Nairobi, katika tamthilia isiyo ya vichekesho.

Ombi langu kwa wanaoandika tamthilia hizi ni moja. Kabla ya kuongeza risasi nyingine, nendeni mkakae asubuhi nzima katika mahakama ya Milimani. Mtazameni mama aliyekuja kusikiliza kesi ya mwanawe: alichofungasha mkononi, anayemsalimu, neno lake la kwanza kijana anapopandishwa kizimbani. Huenda lisiwe neno mlilolitarajia. Liandikeni hilo.