Saini, Sahihi na Neno "Salama": Uhakiki wa Istilahi Tatu za Hati za Biashara

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya mwaka 2015, iliandikwa kwa Kiingereza. Miaka sita baadaye, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1 ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo istilahi hizi si jambo la wafasiri peke yao. Neno likipotoka, mwananchi aweza kupoteza haki yake. Makala haya yanahakiki istilahi tatu zinazohusu utiaji saini.

Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Apelekapo kahawa yake katika chama cha ushirika cha msingi, karani huipima na kuandika kilo daftarini, naye mkulima hutia saini au dole gumba. Dole gumba si mwandiko, wala halitaji jina la mtu. Hata hivyo hukubaliwa, kwa kuwa kazi yake inajulikana: humtambulisha mwenye dole na kuonyesha kuwa ameridhia. Sheria ya mwaka 2015 inafuata mantiki hiyo hiyo. Kwa mujibu wake, saini ya kielektroniki ni data, ikiwa ni pamoja na sauti, alama au utaratibu fulani, inayofungamana na ujumbe ili kumtambulisha mhusika na kuonyesha kuwa ameyakubali yaliyomo.

Istilahi ya kwanza ni "saini" yenyewe. Wako wanaopendelea "sahihi", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo wazee wetu walilitumia sana katika barua na hati. Hoja yao ina uzito, lakini "sahihi" ni kivumishi pia. Hakimu atakayeandika kwamba "sahihi hii si sahihi" atawachekesha wasikilizaji na kuwatatiza wakata rufani. Zaidi ya hayo, mtu atiaye saini hathibitishi kwamba kila neno katika hati ni la kweli. Anathibitisha kwamba amelikubali. Kwa hiyo "saini" na ibaki. Kasoro yake ni kwamba katika mazoea yetu imefungwa kwenye kalamu na wino. Ndiyo sababu watu hubandika picha ya saini yao juu ya barua na kudhani wamemaliza kazi, ilhali yeyote mwenye nakala ya picha hiyo aweza kuibandika popote.

Istilahi ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kifungu cha 6 chasema kwamba pale sheria inapotaka saini, sharti hilo litatimizwa na saini ya kielektroniki ya aina maalumu, ambayo mfasiri mwenye haraka ataiita "saini salama". Kifungu cha 7 chaitaja sifa zake: iwe ya pekee kwa kusudi lake, iweze kumtambulisha mwenyewe, itiwe kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake, na iungane na hati kwa namna ambayo badiliko lolote litaonekana. Sasa, "salama" ni hali ya kutofikwa na dhara. Msafiri avukaye Ziwa Nyasa kutoka Mbamba Bay hadi Nkhata Bay husema amefika salama hata kama chombo chake kilikuwa kibovu. Neno hilo laeleza matokeo, ilhali sheria yaeleza ulinzi uliowekwa kabla ya safari. Napendekeza "saini iliyolindwa". Asomaye atauliza papo hapo: imelindwa na nani, na kwa njia gani? Maswali hayo ndiyo yanayojibiwa na kifungu cha 7.

Istilahi ya tatu ni "saini ya kidijitali", ambayo hutumiwa ovyo badala ya "saini ya kielektroniki". Hii ni aina moja tu ndani ya ile jamii pana. Hutumia funguo mbili za kihesabu, mmoja wa siri kwa kutia saini na mmoja wa wazi kwa kuihakiki. Kila saini ya kidijitali ni ya kielektroniki, lakini si kila ya kielektroniki ni ya kidijitali. Mwalimu asiwafundishe wanafunzi kuwa ni visawe.

Huenda msomaji akaona haya ni mabishano ya maneno tu. La hasha. Mkulima au mchuuzi wa dagaa asiyesoma vizuri humkabidhi kijana simu na namba yake ya siri ili amsaidie. Kwake, namba hiyo ni ufunguo wa mlango tu. Ikitumika kuonyesha ridhaa, yaweza kuwa saini yake. Na kuitoa ni kumwachia mwingine mkono wa kutilia saini. Hakuna atakayemweleza hayo iwapo lugha ya sheria haikumtayarishia maneno.

Neno "muamala" lilikuwa geni kwa wengi, na leo hata mvuvi wa Liuli hulisoma katika simu yake. Istilahi nzuri hukubalika ikitumiwa kwa maana moja tu. Wafasiri wa sheria na waafikiane juu ya hizi tatu kabla mahakama hazijalazimika kuzifasiri kila moja kivyake.