Fundi na Rubani Wakiwa Mtu Mmoja

Zamani hapa Misunkumilo, Mpanda, mtoto wa darasa la tatu alikuwa na gari lake, na hakununuliwa na mtu. Bodi aliisuka kwa waya, magurudumu akayachonga kwenye ndala iliyokatika, usukani akaufunga kwenye ncha ya ufito mrefu uliomfika kifuani. Akatoka nalo barabarani akinguruma kwa mdomo, anabadilisha gia, anapunguza mwendo penye mchanga, anakata kona na magurudumu ya mbele yanageuka kwelikweli. Kwenye ekseli ile ya mbele ndipo fundi alipojulikana. Wengi waliikaza mno, gari likawa la kwenda mbele tu kama limegoma. Aliyejua kuacha upenyo kidogo kati ya waya na waya, upenyo wa kutosha kugeuka lakini usiotosha kuchomoka, huyo ndiye tuliyempelekea magari yetu, na alitupanga foleni.

Siku hizi watoto ni wengi kuliko enzi zetu, lakini gari la waya unaweza kumaliza mwezi mzima hujaliona. Dukani mjini yapo ya plastiki, yenye taa na rimoti. Likiharibika, limeharibika, hakuna mtoto anayethubutu kulifungua, na hata akilifungua hana cha kufanya na alichokikuta ndani.

Ufundi ule nimeukuta tena mahali ambapo sikuutafuta: chumbani kwa mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha sita, kwenye kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Anaunda vyombo vya anga za juu. Mchezo unaitwa Kerbal Space Program, na jinsi anavyoucheza yeye hauna adui wa kumpiga wala pointi za kukusanya. Unapewa karakana, rundo la vipuri, uwanja wa kurushia, na sayari na miezi kadhaa huko juu, kisha unaachwa na akili yako. Matangi, injini, mapezi, parachuti, viungio vya kuachanisha, chumba cha rubani. Vyombo vya mfano vilivyokwisha kuundwa vimo pia, lakini yeye havigusi.

Najua wazazi wengi wa Mpanda wakimwona kijana mbele ya kioo wanahesabu saa zinazopotea, na kwa michezo mingi wana haki. Kwa huu ningewaomba wavute kiti wakae nyuma yake kidogo, wasiseme neno.

Wangemwona kwanza akihangaika na uzito. Ana alama mbili anazoziwasha kila anapoongeza kipuri: mpira wa njano unaoonyesha uzito wote wa chombo unakutania wapi, na wa zambarau unaoonyesha nguvu ya injini inasukuma kutokea wapi na kuelekea wapi. Msukumo usipopita katikati ya uzito, chombo kinazunguka hewani kama kilichopigwa kibao. Mwanafunzi wa kawaida akishazilinganisha alama hizo anaridhika. Mpwa wangu haridhiki, kwa sababu mafuta yanaungua na uzito unahama. Roketi iliyonyooka ikiondoka ardhini inaweza kupinduka yenyewe dakika mbili baadaye, tangi la juu likiwa limekauka na la chini bado limejaa. Kwa hiyo, kabla ya kurusha, anayapunguza mafuta palepale karakanani, robo, nusu, hadi tone la mwisho, huku akiutazama ule mpira wa njano unavyopanda na kushuka. Chombo anakipima kikiwa kimejaa, anakipima tena kikiwa kitupu.

Kisha anaanza kupunguza. Kila kilo inayowekwa juu inadai kilo nyingi za mafuta chini, na mafuta hayo nayo yanadai mafuta mengine ya kuyabeba. Hesabu hiyo aliichapisha mwaka 1903 mwalimu wa shule wa mji wa Kaluga huko Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, mtu aliyeishi mbali na miji mikubwa na asiyesikia vizuri tangu utotoni. Huwa namfikiria mwalimu huyo ninapomwona kijana wa Misunkumilo anang'oa taa moja, anang'oa ngazi, anatafakari kama miguu minne ya kutulia inaweza kuwa mitatu. Ni kazi ya subira. Nimemwona akitumia jioni nzima kwenye kiungio kimoja.

Kurusha nako kuna adabu yake. Asiyejua huelekeza roketi juu moja kwa moja mpaka mafuta yaishe, halafu hushangaa inaporudi chini. Kubaki angani hakutokani na kwenda juu sana. Kunatokana na kukimbia kwa ubavu kwa kasi kubwa kiasi kwamba, kila unapoanguka, ardhi nayo inajipinda na kukukwepa. Katika mchezo huo hewa ya sayari ya nyumbani inaishia kilomita 70, na kasi inayohitajika hapo ni kama mita 2,300 kwa sekunde; kwa dunia yetu hii ni karibu mita 7,800. Kwa hiyo mapema kabisa, roketi ikiwa bado inapambana na hewa nzito, anaanza kuilaza kidogo kidogo upande wa mashariki, kwa kuwa sayari inazunguka kuelekea huko na kasi hiyo ni ya bure. Akiilaza haraka, itapinduliwa na hewa. Akichelewa, mafuta yatamwishia njiani. Kidole kimoja kiko kwenye herufi ya kugeuzia, kingine kinasubiri kudondosha matangi yaliyokwisha.

Lakini kilichoniteka mimi ni kukutanisha vyombo viwili. Alikuwa na kituo chake kinazunguka huko juu, akataka kukipelekea chombo cha pili kikaungane nacho. Kituo kiko mbele, chombo kiko nyuma. Dereva yeyote wa Fuso angekanyaga mafuta. Angani ukikanyaga mafuta unapanda, njia yako inakuwa ndefu, mwendo wako wa kuzunguka unapungua, na yule wa mbele anazidi kukuacha. Wa kumkamata aliye mbele ni lazima apunguze mwendo. Akipunguza anashuka, huko chini njia ni fupi na mzunguko ni wa haraka, anampita mwenzake kwa chini, kisha anapandisha tena kwa wakati wake.

Hata marubani wakubwa jambo hili liliwapa taabu. Juni 1965 mwanaanga James McDivitt, akiwa na chombo cha Gemini 4, alijaribu kukifuata kipande cha roketi yake kilichokuwa kikielea jirani. Alikielekea, akasukuma, na kipande kikazidi kumkimbia. Akachoma mafuta mengi, mwishowe jaribio likaachwa. Desemba ya mwaka huohuo Walter Schirra, na Gemini 6A, alifuata njia ya hesabu akaikuta Gemini 7, na vyombo vile viwili vikasogeleana hadi sentimita kama 30. Mpwa wangu alipata somo lilelile kwa kukikosa kituo usiku kucha, mpaka akachukua daftari akachora duara mbili.

Mita 100 za mwisho ndizo nisizozisahau. Alizima injini kubwa, akabaki na visukumo vidogo vya ubavuni. Macho hayakuwa kwenye kituo kilichokuwa kinakua mbele yake. Yalikuwa kwenye ule mpira wa chini ya kioo, nusu buluu nusu kahawia, unaoonyesha chombo kimeelekea wapi na kinakwenda wapi, mambo mawili ambayo huko juu hayafanani hata kidogo. Kidole kinagusa, kinaachia. Kinagusa, kinaachia. Kasi ilikuwa chini ya nusu mita kwa sekunde. Nikaona kwamba kila akisukuma kushoto, chombo kizima kinasogea kushoto bila kugeuza pua wala kuyumba mkia, nikamuuliza anafanyaje.

"Mjomba, hapa sifanyi kitu," akanijibu bila kugeuka. "Nilishakisawazisha karakanani."

Visukumo vile alikuwa amevigawa sawasawa kuuzunguka ule mpira wa njano wakati anajenga, akijua kwamba siku moja atafika mita hizi za mwisho. Alipokuwa anaunda alikuwa tayari anaendesha. Mikono yake ilijua chombo kinakubali nini na kinakataa nini kwa sababu kila kiungio alikifunga mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima ya ufundi huu ninayoililia: aliyesuka ndiye aliyeshika usukani, na hakuna wa kati.

Nilifurahi nilipojua asili ya mchezo wenyewe. Aliyeubuni, Felipe Falanghe, alipokuwa kijana huko Brazil alikuwa akitengeneza vijitu vya karatasi ya bati na kuvifunga kwenye fataki ili viruke. Miaka mingi baadaye, akifanya kazi kwenye kampuni iitwayo Squad jijini Mexico, akaviingiza kwenye kompyuta, na mwaka 2011 toleo la kwanza likatoka. Kwa hiyo ni mtoto wa mabaki na waya kama sisi; yeye tu aliendelea.

Na anga hizo hazikuwa ngeni kwa pande zetu. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia aliongea na kituo cha Marekani kilichokuwa Unguja, kituo kilichofungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwishoni mwa mzunguko wake wa kwanza mtambo wa kujiongoza ulianza kuyumba, naye akakishika chombo kwa mkono wake. Aliweza kwa kuwa yeye na wanaanga wenzake walikuwa wamekaa na wahandisi tangu mwanzo, wakadai dirisha, wakadai usukani. Pwani ya Malindi nako, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Wakenya.

Kinachoniumiza ni kwamba hata ndani ya mchezo uzembe umeingia. Zipo programu za kuongeza zinazorusha roketi zenyewe, zinaizungusha na kuitua mwezini huku mchezaji anakunywa chai. Vipo vyombo vya watu wengine, maelfu, vya kupakua na kupaa navyo papo hapo. Toleo la pili la mchezo, lenye picha nzuri kuliko la kwanza, lilitoka Februari 2023 likiwa halijakamilika, na mwaka uliofuata studio iliyokuwa ikilijenga ikafungwa. Wapenzi wake wamerudi kwenye la zamani, lile ambalo nalo halitengenezwi tena upya. Chombo kilichoanzia kwenye fataki za kijana mmoja kilipopata fedha nyingi ndipo kilipokosa mtu wa kukimaliza.

Mpwa wangu ana mdogo wake, yuko kidato cha pili. Jioni moja alikuja akamwambia, "Kaka, niwekee lililo tayari, mimi nataka kutua tu." Kaka yake akamfungulia karakana tupu, akaweka chumba cha rubani peke yake katikati, akanyanyuka kumwachia kiti. Mtoto akakaa, akakitazama kile chumba kinavyoning'inia, akagusa tangi moja akaliacha. Baadaye akachukua simu, akatafuta intaneti, akapakua roketi kubwa ya mtu asiyemjua na kuirusha. Ilikuwa nzito mno mkiani. Ilipinduka kabla ya kutoka kwenye hewa nzito. Akarusha tena, ikapinduka tena vilevile, akasema mchezo wenyewe mbovu. Alama ya njano ilikuwepo, ya kubonyeza mara moja tu, lakini hakujua kwamba kuna kosa la kutafutwa, sembuse pa kulitafutia. Umeme haukukatika jioni ile hata mara moja, na kaka yake alikuwa amekaa kitandani hatua mbili nyuma yake, tayari kumweleza chochote, na hakuulizwa.