Kilalo hakisemi uongo, sisi ndio tunakisoma vibaya

Wandugu, nimesoma TFC ya mwenzetu mmoja juu ya kilalo cha miti kwenye njia ya Kirolirwe. Jina lake sitalitaja, wala chuo. Kazi iko na moyo: alipanda kule mwenyewe, akabandika vipimo chini ya miti, akangoja camion za maharagi na makala zipite. Wengi wetu tunaishia kunakili hesabu za kitabu. Kwa hiyo, pongezi.

Lakini mwisho wake unanisumbua. Anasema camion zinabeba kupita kiasi, makosa ni ya madereva. Je, uzito aliupima? Hapana.

Kipimo kile, walichokivumbua Simmons na Ruge huko Marekani mwaka 1938, kila mtu kwa upande wake, ni waya mwembamba tu. Mti ukijipinda, waya unavutwa, na umeme unapita kwa shida zaidi. Waya wa omu 120, ukirefuka milimita 1 kwa kila mita, unaongeza omu 0,24 hivi. Basi. Kinakuambia mti umerefuka kiasi gani. Tunakiita jauge de contrainte, na jina hilo limetudanganya: nguvu na uzito hakivioni, ni sisi tunavitafuta kwa hesabu.

Na katika hesabu, mwenzetu alichukua ugumu wa mti mkavu, mzima, wa kitabuni. Mti wa kilalo umenyeshewa miaka. Ukioza unalegea, unarefuka zaidi chini ya camion ile ile. Hesabu itasema «mzigo mkubwa», kumbe ni mti umechoka.

Dawa iko, tena si ya bei. Magunia 10 ya kilo 100, yaliyopita kwenye mizani, yawekwe katikati ya kilalo. Hapo tani 1 inajulikana. Soma kipimo, toa magunia, angalia kama kinarudi pale kilianzia. Fanya asubuhi mapema, juu jua la saa sita nalo linabadilisha waya. Kisha rudia baada ya mvua.

Huu si ugomvi wa makaratasi. Tukimwandikia dereva makosa, atapunguza magunia, pengine atalipa faini. Mti utabaki palepale, na siku moja utavunjika chini ya camion nyepesi, watu wakiwa wamekaa juu ya mizigo.

Mwenzetu, vipimo vyako ni vizuri. Rudi kule na magunia.