Mikono ya Mpiga Solo

Watu wakianza kubishana ni mwanamuziki gani marehemu wangependa kumwona jukwaani, wengi hutaja sauti. Mmoja atamtaka Marijani Rajab, Jabali la Muziki, mwingine Salum Abdallah, na hakosi mtu wa Unguja wa kumtaja Siti binti Saad. Siwapingi. Lakini sauti ndicho kitu ambacho santuri na kanda zilijitahidi kutuhifadhia. Kilichopotea zaidi ni kazi ya mikono, na mimi nikipewa usiku mmoja tu wa kurudi nyuma, nitakwenda kuangalia mikono.

Mchukue Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji ambao siku hizi unaitwa Likasi, akamrekodi akipiga gitaa kavu. Sikiliza "Masanga" ukiwa umefumba macho, utaapa kwamba wapigaji ni wawili: mmoja kashikilia besi huku chini, mwingine anazungukazunguka kwenye nyuzi za juu, na hawagongani hata mara moja. Kumbe ni mtu mmoja, gumba na kidole cha shahada, basi. Wapiga gitaa wa nchi nyingi wameusumbukia wimbo ule kwa masikio, wakirudisha nyuma na kusikiliza tena, wajue gumba linaingia wapi na kidole kinatokea wapi. Aliyekaa mbele yake dakika tano alipata jibu bure.

Tofauti ya kusikia na kuona nilifundishwa na Bi Kidude. Nilikuwa namjua kwa kanda, ile sauti yenye mikwaruzo, kisha nikabahatika kumwona Ngome Kongwe. Bibi mdogo wa umbo, ngoma ndefu kaifunga kiunoni kwa kanga na kuipachika katikati ya miguu, viganja vinashuka bila papara. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pale sauti yake inapokatika kwenye kanda, hakuwa ameishiwa pumzi. Alikuwa anaipisha ngoma. Siti mwenyewe, ambaye Bi Kidude alizirithi nyimbo zake, hatuna namna ya kumpata hivyo. Alikwenda Bombay 1928 akarekodi, Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na tunashukuru kwa yote mawili. Ila namna udi ulivyompokea kila alipovuta pumzi, akiwa barazani na wasikilizaji wamemzunguka karibu kiasi cha kumgusa, haiandikiki.

Usiku wangu mmoja, hata hivyo, nisingeupeleka Unguja wala Katanga. Ningeupeleka Morogoro.

Morogoro ya miaka ya 60 ulikuwa mji wa reli na mkonge, na milima ya Uluguru nyuma yake, lakini ulikuwa na bendi mbili zilizogombea wapenzi wale wale: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz. Mji wenye bendi moja hulea uvivu. Ukiwa na bendi mbili, mpiga gitaa halali, maana akikosea Jumamosi, Jumapili watu wako upande wa pili. Salum alifariki 1965. Miaka hiyo hiyo kijana wa huko huko, Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 1944, alikuwa anaingia Morogoro Jazz, na mashindano yakapata mtu mpya wa kuyabeba. Mwaka 1970 bendi ilikwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akajitenga na kuanzisha Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari ikammaliza Mombasa, akiwa na miaka 34. Maisha mafupi, na bado ni vigumu kupita stendi yoyote ya Bara bila kumsikia kwenye redio ya mtu.

Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo, yote kwa pamoja, na hapo ndipo udadisi wangu unapoanzia. Wapo waimbaji wengi walioshika gitaa ili mikono isikae bure. Yeye alikuwa anaimba mstari, kisha kabla neno la mwisho halijatua, gitaa limeshamjibu. Mara nyingine gitaa linamalizia sentensi ambayo mdomo umeiacha makusudi. Nimejaribu kuimba huku nikipiga mkwaju wa namna hiyo, na vidole vyangu hufuata mdomo kama mtoto anayefuata mama yake sokoni. Vyake havikufuata. Vilikuwa na shughuli yao.

Kuna jambo moja linalohitaji kuelezwa kwa wanaozijua nyimbo za dansi kwa redio tu. Wimbo wa dansi wa zama zile ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: kisa kinasimuliwa, wapulizaji wanaitikia, watu wanacheza wameshikana na masikio yako kwenye maneno. Kisha tumba na besi zinabadilika, wimbo unachemka, maneno yanapungua, na kuanzia hapo solo ndiye anayeongoza. Gitaa la rizimu linarudia kitu kile kile bila kuchoka. Besi inaacha nafasi. Solo anaingia na kipande kifupi, nota chache, anakirudia mpaka miguu ya watu imekizoea. Halafu anabadilisha kitu kimoja tu, pengine nota ya mwisho, pengine mahali pa kuanzia. Akibadilisha mapema mno, watu wanapotea. Akichelewa, wanakwenda kukaa. Kipimo cha hilo hakipo kwenye gitaa, kipo sakafuni, kwa hiyo mpiga solo mzuri ni mtu mwenye mikono miwili kwenye nyuzi na macho kwa wachezaji. Mitindo iliyotangazwa kwa majina, Sululu ya Morogoro Jazz au Masika ya Super Volcano, ilikuwa kwanza ni mapatano kati ya jukwaa na sakafu.

Sasa fikiria kazi hiyo inatiwa kwenye santuri ndogo. Dakika chache upande huu, dakika chache upande wa pili. Mara nyingi upande wa kwanza uliishia pale pale chemko linapoanza: gitaa linapanda, sauti inafifia, na wewe unainuka kwenda kugeuza. Upande wa pili nao ukaishia kwa kufifia, gitaa bado lina maneno. Studio haikuwa na kosa, ilikuwa inauza bidhaa yenye ukubwa wake. Lakini pia haikuwa na wachezaji. Yule aliyekuwa anapiga kwa kutazama miguu, studio alitazama ukuta na saa. Nikisikia jinsi solo zake zilivyo safi kwenye santuri, najiuliza zilikuwaje usiku, jasho linatiririka, mpenzi wa bendi kapanda jukwaani kumbandika noti kwenye paji la uso, na yeye hana ruhusa ya kuacha nyuzi ili aipokee.

Nilidhani nina mtu wa kuniambia. Baba yangu mdogo alikuwa kijana Morogoro miaka hiyo na hakosi dansi. Anakumbuka kila kitu: viatu vya soli nene alivyoazima, suruali ya bugaluu iliyofagia sakafu, mlinzi wa mlangoni aliyejuana naye, binti aliyekuja na kaka zake wawili wa kumlinda. Nikamngoja amalize, nikauliza.

"Baba mdogo, na Mbaraka mwenyewe, mikono yake ilikuwaje? Alikuwa anapigia juu huku karibu na shingo, au chini?"

Akanitazama kwa huruma.

"Mikono gani tena, mwanangu? Mimi nilikuwa nacheza."

Nilikasirika kidogo, sifichi. Mtu amesimama hatua chache kutoka kwa kitu ambacho ningetoa mengi kukiona, halafu anakumbuka viatu. Baadaye nikaona ndiye aliyenijibu vizuri kuliko wote. Ukumbi mzima ungesimama kutazama vidole, bendi ingejua usiku umeharibika. Mpiga solo alikuwa amesahauliwa na watu waliokuwa wakimtii kwa kila hatua, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya ufundi huu, ingawa haipigiwi makofi. Pengine hata mimi ningefika pale na nia yangu ya kitaalamu, nikapata nafasi nzuri karibu na spika, na wimbo ukichemka ningevutwa mkono na mtu, nikarudi nyumbani sijaona kitu.

Nilichokipata badala yake ni bendi moja ya zilipendwa, baa moja pembezoni mwa mji, mpiga solo kijana ambaye hakuwa amezaliwa Mbaraka alipofariki. Solo alikuwa kaikariri kama ilivyo kwenye santuri, nota kwa nota, mpaka ule mkwaruzo mdogo wa kuteleza kwenye waya. Muda wote huo alikuwa kainamia gitaa. Tukafika pale ambapo santuri hufifia. Bendi haina kitufe cha kufifisha, ikaendelea, na kijana akainua kichwa. Akaanza kutazama meza za mbele, akatazama miguu, akarudia kipande kimoja mpaka mama mmoja aliyekuwa amegoma tangu mwanzo akasimama na pochi yake mkononi. Hapo hapo akakibadilisha.

Walipopumzika nilimfuata, nikamuuliza pale mwishoni anajuaje pa kumalizia, wakati kwenye santuri mwisho haupo.

"Pale hakuna cha kukariri, kaka. Natazama watu. Nikiona wamechoka, nampa ishara mpiga drams."

"Na wasipochoka?"

"Basi bia ya bendi inachelewa."